Kiungo cha Saba cha Babu

Kuna harufu moja ambayo nikiisikia hadi leo nasimama palepale nilipo: harufu ya kamba ya katani iliyonyeshewa mvua, ikakaushwa juu ya moshi wa kuni, kisha ikalowanishwa tena kwa mate yenye kahawa. Sisemi kahawa ya kikombe. Nasema ile yetu ya kutafuna, inayochemshwa ingali na ganda lake pamoja na majani ya kunukia, ikaanikwa, mgeni akiingia anapewa punje mbili tatu kabla hajaulizwa kilichomleta. Juzi tu nilikuwa dukani Rwamishenye nikingoja kupimiwa sukari, harufu hiyo ikapita nyuma yangu, nikageuka kwa kasi hata shingo ikalia kama bawaba ya mlango wa kanisa. Hapakuwa na mtu. Muuza duka akaniuliza namtafuta nani, nikamjibu namtafuta babu yangu. Akacheka sana, maana mimi watu wa mtaa wamenizoea kwa maneno yangu. Nami nikacheka. Ila siku hiyo sikuwa natania.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa na miaka kumi, pengine kumi na mmoja; nyumbani kwetu karibu na Kashozi umri wa msichana uliandikwa mara moja tu, kwenye kitabu cha ubatizo, na baada ya hapo kila mtu alikisia. Baba yangu, ambaye tulimwita Tata, alikuwa mkwea miti. Usidhani kazi hiyo ni ya kupanda juu kuchuma kitu na kushuka. Huku kwetu nyumba iko katikati ya kibanja, migomba imeizunguka, mibuni iko chini ya migomba, na wazee wetu wamezikwa humohumo. Mti mkubwa ukizeekea mahali kama hapo huwezi kuupiga shoka chini ukauacha uanguke, maana utaua mlo wa mwaka mzima na kuvunja paa, halafu utalala juu ya makaburi ya watu. Basi ni lazima mtu apande, akate tawi moja moja, na kila tawi lifungwe kamba na kushushwa polepole kama mgonjwa anayelazwa kitandani. Tata alikuwa hodari wa kazi hiyo kuanzia Bukoba hadi mwisho wa Muleba. Nimewahi kumwona akisimama kwa mguu mmoja mahali ambapo kunguru alitua, akatazama chini, akaghairi.

Kamba zake alizitengeneza Babu, yaani baba yake Tata. Zilikuwa vipande vya kamba za meli, vilivyochakaa kazini na kuuzwa na mabaharia bandarini Bukoba, kipande hiki pima nane, kile pima tano. Kuvifanya kuwa kamba moja ndefu kulihitaji mkono wa Babu. Hakufunga fundo. Fundo, alisema, linanasa kwenye panda ya mti na kuilemaza kamba mahali lilipo. Yeye alifumua mwisho wa kila kipande kuwa nyuzi zake tatu nene, akazikutanisha uso kwa uso kama vidole vya watu wawili wanaoshikana mikono, kisha kwa pembe ya swala iliyochongoka akafungua msokoto wa kamba na kupenyeza kila uzi: juu ya mmoja, chini ya mwingine, juu ya mmoja, chini ya mwingine. Mara tano kila uzi, kila upande. Isiwe nne. Kabla ya kupenyeza aliulowanisha uzi kwenye kona ya mdomo, na kwa kuwa mdomo wa Babu haukukosa punje ya kahawa tangu alfajiri hadi kulala, viungo vyake vyote vilinuka kahawa na vilikuwa na rangi ya kahawa. Katika tumbo la kila kiungo alizika uzi mwekundu aliouchomoa katika blanketi lake, ncha yake ikichungulia nje, ili kamba ikikatika ijulikane ni mkono wa nani wa kuulizwa.

Kaka zangu walikuwa shule ya misheni, wakijifunza kuimba Kilatini kwa sauti za mbuzi. Mimi nilikuwa nyumbani, nina vidole vyembamba, na Babu hakuwa mtu wa kuacha vidole vilale. Msichana kupanda mti kwetu ilikuwa mwiko mkubwa, lakini Babu alisema hajasikia mwiko wa msichana kushika kamba ikiwa bado iko chini. Akanifundisha kwanza kutengeneza kitanzi, yaani kuurudisha mwisho wa kamba na kuuunga kwenye mwili wa kamba yenyewe. Kitanzi tulichofundishania kilikuwa cha kamba ya kiuno: ile fupi ambayo Tata aliizungushia shina, mwisho mmoja umefungwa kwenye mkanda wake, mwisho wa pili una kitanzi kinachovikwa kwenye kishikizo cha mbao kilicho kwenye mkanda huo, ubavuni mwake. Mimi nilifungua msokoto kwa pembe, Babu akapenyeza. Nyuzi zilinichuna vidole hadi nikawa siwezi kumenya ndizi. Mama aliponung'unika, Babu akamwambia kwa neno letu la heshima, "Waitu, mwache. Huyu atakuja kushika kalamu, na kalamu haina miiba." Mama alicheka wiki nzima. Msichana, na kalamu.

Kulikuwa na desturi mbili katika kazi hiyo, na bila kuzijua huwezi kuelewa kilichotupata. Ya kwanza ni kwamba aliyeunga kamba ndiye anayeshika mkia wake mtu akiwa juu. Wanaume watatu watashika uzito, lakini aliyeunga atakaa nyuma yao na ncha mikononi, maana yeye anasikia kwa viganja mambo ambayo wengine hawasikii. Ya pili ni kwamba muunga kamba akifa, viungo vyake vyote vinakatwa na kuzikwa naye au kuwekwa kaburini, na kamba zinaungwa upya kwa mkono wa mtu aliye hai. Sababu haikuelezwa sana. Ilisemwa tu kuwa mkono ule haujui kuachia.

Babu alikufa majira ya mvua, ameketi, punje ya kahawa ikiwa bado shavuni. Wakati huo Tata alikuwa ameshakubali kazi ya mvule mmoja huko Muleba, kwenye kibanja cha mwinjilisti wa Kilutheri, mahali pa juu unapoona kisiwa cha Bumbire kimelala majini. Mvule huo ulijulikana. Watu sita hawakutosha kuukumbatia, haya, tuseme wanne. Babu alikuwa ameutazama miaka mingi na kila ulipotajwa alisema neno lilelile, kwamba siku ukipandwa anataka awepo. Sasa hakuwepo. Matanga yalipokwisha Tata aliniita, akanikabidhi pembe ya swala na kisu, akaniambia viungo vya Babu ni saba, sita kwenye kamba kuu na kimoja kile kitanzi cha kamba ya kiuno, nivikate vyote na kuunga upya, maana keshokutwa tunakwenda Muleba.

Nilikata sita. Nikaviweka juu ya jani la mgomba, vimejikunja kama viwavi, na kila kimoja kilinuka Babu. Nilipofika kwenye cha saba nikakiweka puani na kisu kikashindwa kushuka. Humo ndimo alimonifundishia. Nilijiambia kiungo kimoja si kitu. Nikakifunika kwa kukizungushia nyuzi kavu za mgomba, kwa ustadi mkubwa, duara kwa duara, ili uzi mwekundu usionekane na Tata adhani ni kazi mpya. Ustadi huo ulinilia muda. Jua lilipokuwa linazama nilikuwa bado sijamaliza viungo vyangu sita vya kamba kuu, na Tata anaita akitaka kuzikunja. Kiungo cha mwisho nilikipenyeza mara tatu badala ya tano, nikazikata ncha fupi, nikakisugua kwenye majivu kifanane na vingine.

"Umemaliza?" Tata akauliza.

Nikapiga magoti nikamjibu, "Nimemaliza, Tata."

Alizipeleka kamba zote mbili juu ya jiko zikauke. Asubuhi, mimi na Mama tukiwa tunatandika majani mapya sakafuni, tuliona ile kamba fupi ya kiuno inazunguka pale ilipoangikwa. Inazunguka polepole upande mmoja, inasimama, inarudi. Ile ndefu imetulia. Mlango ulikuwa umefungwa, na moshi wenyewe ulipanda wima kama uzi. Mama aliishika kwa mkono ikatulia, akasema ni unyevu unaoitoka. Kisha akafuta mkono wake kwenye nguo yake mara mbili.

Tulifika Muleba kukiwa na ukungu uliotoka ziwani na kukaa kati ya migomba kama mgeni asiyeaga. Mwinjilisti alikuwa mtu mfupi mwenye koti, mcheshi, aliyetutania tangu tulipoingia kwamba Wakatoliki wa Kashozi wamekuja na msafara mpaka na watoto wa kike, je, padri yuko nyuma? Tata akamjibu kwamba padri alitaka kuja lakini aliambiwa Walutheri wana ndizi chache. Wakacheka. Lakini tulipofika chini ya mti kicheko kilikwisha chenyewe. Tawi kubwa la kwanza lilikuwa limenyooka juu ya nyumba, na upande wa pili, chini ya mengine yote, kulikuwa na makaburi ya wazee wa mwinjilisti, yamezama kidogo, hayana majani. Chini ya mvule huo hapakuwa na sauti. Ndege waliruka kuukaribia, wakapinda. Mwinjilisti alisema yeye haamini mambo ya mizimu hata chembe, kisha akahamisha kigoda chake hatua ishirini nyuma.

Tata alirusha uzi mwembamba wenye jiwe hadi ukapita juu ya panda ya juu, ukavuta kamba kuu. Ncha moja ikafungwa kifuani mwake, nyingine ikashuka kwetu. Vijana watatu wa mwinjilisti walishika, mimi nikakaa nyuma yao kwenye nyasi na mkia mikononi. Tata akazungusha kamba ya kiuno kwenye shina na kuvika kitanzi kwenye kishikizo. Nilimwona akizigusa kwa kidole gumba zile nyuzi za mgomba, akanitazama. Nikaangalia miguu yangu. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulifunguka kabisa, nikamwona tayari ameshapanda pima mbili, anasogeza kamba ya kiuno, anapanda, anasogeza.

Shina lilikuwa tupu mpaka panda ya kwanza. Hapo mkwea hana budi kuivua kamba ya kiuno, aning'inie kwa kamba kuu peke yake, apite panda, kisha azungushe tena juu yake. Tata alipofika hapo alitupigia mluzi mfupi wa kutujulisha kwamba anavua. Vijana wakajikaza. Na wakati huohuo nikaona juu ya migomba wale wadudu wa ziwani, wadogo kama vumbi, wanaopanda kutoka majini kwa mamilioni hadi mgeni anadhani ni meli inaungua. Upepo uliwaleta moja kwa moja kwenye mvule. Sikuwahi kuwaona wengi namna ile, na nikisema walikuwa wengi kuliko watu wote waliokufa tangu Adamu sidhani kama nimezidisha. Waliingia kwenye mti, mti ukapotea kuanzia panda ya kwanza kwenda juu. Tata naye akapotea. Ikabaki mvumo mmoja, kama watu wengi wanaosali kwa midomo iliyofungwa.

Ndipo kamba ikasema. Katika viganja vyangu nilisikia mtikisiko mdogo sana, kama jino linalolegea. Vijana hawakusikia kitu. Mmoja alikuwa anapangusa wadudu machoni. Ukaja wa pili. Nilijua palepale, kwa sababu ile mipenyezo mitatu niliifanya mwenyewe na sasa inatoka mmoja mmoja: wa kwanza, wa pili. Nilipiga kelele, "Tata, vaa kiuno!" lakini wadudu walinijaa mdomoni na sauti ikarudi tumboni. Wa tatu ukatoka. Vijana wote watatu wakaanguka chali juu yangu, na kamba ikashuka kutoka angani juu yetu, duara kwa duara, laini, haina mtu.

Tukalala pale tukingoja kishindo. Mtu huijua sauti ya migomba yake inapovunjwa. Tuliingoja sauti hiyo. Haikuja. Mvumo uliendelea, nasi hatukuinuka, na katikati ya wadudu wale wenye harufu ya samaki nikasikia harufu ya kahawa ya kutafuna, ya sasa hivi, kana kwamba mtu amekaa begani mwangu. Niliwatazama vijana. Hakuna aliyekuwa anatafuna kitu.

Upepo ulipowaondoa, Tata alionekana. Alikuwa ameegama nyuma chini ya panda, miguu imekanyaga shina, mikono yote miwili ameiachia imening'inia wazi. Kamba ya kiuno ilikuwa imezunguka mti na kitanzi kimekaa kwenye kishikizo. Alishuka nayo hiyohiyo, hatua kwa hatua, akafika chini akiwa na rangi ya majivu. Mwinjilisti alikuja mbio bila kiatu kimoja, akaanza sala ya kushukuru, na vijana wakaitikia. Tata hakuitikia. Alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Nilikuwa nimekivua," akasema kwa sauti ya chini. "Koku, nilikuwa nimekivua. Kamba ya kiuno ilikuwa begani mwangu."

Akavuta kisu, akakata zile nyuzi za mgomba, zikadondoka kama pete. Uzi mwekundu ukatokea. Kiungo kilikuwa kimelowa, kimelowa hasa, na kile kitu cha rangi ya kahawa kilichuruzika kwenye kidole chake. Na kiungo hicho kilikuwa kimekauka juu ya moshi kwa siku mbili. Nilimweleza yote, kitanzi na ile mipenyezo mitatu, nikalia mpaka kamasi likafika kidevuni. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alinusa kidole chake.

Nikamwambia, "Tata, si kimekushika? Tukiache."

"Kimenishika ndiyo," akasema. "Mzee amefanya kazi tangu ujana wake. Wewe unataka tumtume mpaka na kule alikokwenda?" Kisha akaongeza, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi, "Na akizoea kutushika, siku mmoja wetu atakapopaswa kwenda, itakuwaje?"

Tulirudi nyumbani siku iliyofuata. Nilikikata mwenyewe kaburini kwa Babu, mchana kweupe. Kisu hakikufanya kazi kubwa. Nilipokata uzi wa kwanza, zile nyingine mbili zilijifungua zenyewe, taratibu, kama kiganja cha mtu aliyepitiwa na usingizi. Nikakiweka pamoja na vile sita. Halafu Tata akanikalisha, akanirudisha kwenye kiungo cha mipenyezo mitatu, nikakipenyeza mara tano akihesabu yeye, na kitanzi kipya nikakitengeneza peke yangu, na humo nikazika uzi wa buluu wa gauni langu. Wiki iliyofuata alirudi Muleba akaupanda mvule uleule kwa kamba ambayo kila kiungo chake kilikuwa mkono wangu. Nilishika mkia. Kabla ya kupanda aliwaambia wale vijana, mbele ya mwinjilisti, kwamba wakisikia kamba inasema lolote wamsikilize huyu. Mti ulishuka wote, tawi kwa tawi, na hakuna mgomba hata mmoja uliovunjika. Mmoja, nakubali. Mdogo.

Siku hizi mjukuu wa dada yangu ndiye anayekata miti. Ana msumeno wa injini unaonguruma hadi kuku wanaacha kutaga, na kamba zake ni za nailoni, za rangi ya chungwa, zinanunuliwa dukani zikiwa zimekunjwa kwenye mfuko. Ni imara kuliko zetu, sitamdanganya mtu. Lakini hazina harufu, na ikikatika moja hakuna wa kuulizwa. Kalamu nayo niliishika, ingawa nilichelewa. Nilikuwa mama wa watoto watano nilipoingia darasa la usiku, na mwalimu alishangaa kwa nini nalowanisha ncha ya penseli kwenye kona ya mdomo kabla ya kuandika. Shule hiyo niliimaliza na cheti ninacho, kimetundikwa juu kuliko picha ya harusi.

Bado naunga kamba. Majirani wananiletea kamba ya ng'ombe, ya ndoo ya kisima, ya kufungia mizigo, nami nazika uzi wa buluu katika kila kiungo. Wanangu wameshaambiwa siku yangu ikifika wavikate vyote, na kwa kuwa naogopa usahaulifu wao nimeviandika kwenye daftari: kiungo gani kiko kwa nani, mara tano kila uzi. Viko kumi na tisa. Kwenye daftari nimeandika kumi na nane. Kile kingine kiko kwenye bembea ya kitukuu changu wa mwisho, msichana asiyesikia la mtu, anayebembea juu hadi miguu inagusa majani ya mparachichi. Nimekizungushia nyuzi za mgomba, duara kwa duara, na ukikitazama huwezi kujua. Tata alisema kweli kwamba aliyekufa aachwe apumzike. Nitapumzika. Huyu mtoto akue kwanza.